Fomu ya Mia Mbili na Kumi na Mbili

Walitupa kofia, kalamu mbili mbili, na fomu
zenye nembo ya mkoa. Ukumbini, komini ya Katuba,
bwana kutoka ofisi ya gavana alisema:
"Malori tuliyatuma. Vijana tuliwakamata.
Haikupita miezi sita, wamekuja wengine, wadogo kuliko wale.
Safari hii tunataka kuelewa."
Akafuta jasho. Nilimwamini, naapa.

Maswali arobaini na moja.
Sababu ya kujiunga na kundi, weka alama:
umaskini, kisanduku; marafiki, kisanduku; pombe na bangi, kisanduku.
Chini kabisa, Mengineyo, na mstari
usiotosha jina la mtu na la baba yake.

Huo mstari ndio uliojaa kwanza.
Niliandika pembeni, nikapanda juu, nikageuza karatasi:
Kaumba alianza siku walipofunga shimo
alikokuwa akibeba magunia ya mawe na kaka yake;
Mwape alifukuzwa darasa la nne kwa deni la muhula,
akashinda nyuma ya soko wiki nzima na begi lake
ili mama asijue;
mwingine, jina hakutaja, alisema tu: "Usiku
mu karti yetu kila mutu eko na panga. Mimi nikose?"

Swali la kumi na saba: Unajisikia salama kiasi gani,
kutoka moja hadi tano?
Mama Kabange, muuza makaa, akainua mkono.
"Tano ni vidole. Mimi nimebaki na vinne.
Cha tano kilienda na simu."
Nikaandika nne. Nikafuta.

Barabara ya lami wameweka taa sita za jua,
mbili zingali zinawaka. Chini yake watoto wanasoma,
hilo niliandika, ni kweli, na litawafurahisha.
Waliokuwa wakinyang'anya pale wamehamia
njia ya pili. Hatua thelathini.

Usiku hupita wakigonga malango ya mabati
kwa bapa la panga, nyumba kwa nyumba,
nga, nga, nga, tujue wako macho.
Letu wanaliruka.
Mama anasema ni zaburi.
Mimi nilidhani ni kutu, lango letu halina sauti.

Fomu ya mwisho niliijaza kwenye reli,
mlima mweusi wa taka za shaba nyuma yetu.
Mtoto wa miaka kumi na minne labda, anamenya karanga.
"Mama, njo nani atasoma?"
"Serikali."
"Yote?"
Tulifika swali la thelathini na moja:
Kiongozi wa kundi lenu ni nani?
Wenzake wote walisema hawajui.
Huyu aliitazama kofia yangu, akacheka, akalitaja

jina nililolibeba mgongoni
mwaka dada yangu alipokwenda Likasi kutafuta kazi,
jina nililolikandia bukari vitonge vidogo,
nililolifundisha kupokea kwa mikono miwili
na kusema aksanti.

"Njo yeye anakataza tugonge kwenu," mtoto akasema.
"Anasema pale eko mama yake mudogo."
Akanipa karanga. Nikazipokea.

Kesho yake msimamizi alihesabu, akalamba kidole, akahesabu tena.
"Mia mbili na kumi na moja. Moja iko wapi?"
"Ililowa mvua."
Ilikuwa mwezi wa saba. Lubumbashi
haikuwa imeona tone tangu Pasaka,
vumbi jekundu limejaa hadi kwenye kola yake.
Alinitazama muda mrefu, mtu mwenye watoto,
kisha akaandika: 211.

Sasa niko kitandani, karatasi chini ya godoro,
na wanakuja kutoka upande wa soko.
Nga.
Nga.
Nga.
Halafu ukimya,
wenye upana wa lango letu.
Nga, kwa Mama Kabange.